Shamba na Bandari: Uchaguzi wa Makao katika Hadithi za Kiswahili

I

Katika hadithi za Kiswahili zilizotungwa tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili, ni maswali machache yaliyorudiwa mara nyingi kama hili: mtu atafute makao yake shamba, mahali palipo kimya na penye majirani wajuanao, au katika mji wa bandari ambako kila siku huingia mizigo, habari na wageni? Swali hili si la watunzi tu. Ni swali la kila kijana aliyewahi kufunga mzigo wake alfajiri akasubiri gari njiani, na ni swali la wazazi aliowaacha mlangoni.

Wahakiki na walimu wameelekea kulijibu upesi. Husemwa kwamba shamba ni makao ya utu na bandari ni makao ya upotovu. Kwamba mtunzi wa Kiswahili humpeleka mhusika wake mjini ili aharibike, kisha humrudisha shamba ili apone. Jibu hili ni jepesi kukumbukwa, na kwa ajili hiyo limeingia katika insha za wanafunzi likawa kama kanuni. Makala haya yanaipima kanuni hiyo kwa vitabu vinne: Utubora Mkulima cha Shaaban Robert (1968), Nyota ya Rehema cha Mohamed Suleiman Mohamed (1976), na Kuli (1979) na Vuta N'kuvute (1999) vya Adam Shafi. Itaonekana ya kwamba kanuni hiyo yaeleza sehemu tu ya kitabu kimoja, na kwamba katika vingine jambo kubwa si wema wa mahali bali ni nani aliyepewa nafasi ya kuchagua, na alilipa nini. Itaonekana pia ya kwamba lugha yenyewe iliyotumiwa katika vitabu hivyo ilikwisha kufanyiwa uchaguzi wa namna hiyo hiyo kabla watunzi hawajashika kalamu.

II

Yafaa kuanza na maneno, kwa kuwa makosa mengi ya uhakiki huu yametokana na kudhani kwamba Kiswahili kina maneno mawili yapinganayo tangu asili, moja la mji na moja la kijiji. Sivyo. Kijiji ni udogo wa mji. Shina ni -ji. Na kwa kuwa shina hilo lina silabi moja, udogo wake hufanywa kwa ki- pamoja na -ji- nyingine, kama vile mto ulivyozaa kijito na mti ukazaa kijiti. Kwa umbo lake, basi, kijiji ni mji ulio mdogo, wala si kinyume cha mji. Katika matumizi ya kale mji ulikuwa makao yo yote ya watu, makubwa kwa madogo. Ushahidi umo katika jina la Mijikenda, yaani miji tisa: miji hiyo ilikuwa kaya, makao yaliyozungukwa na misitu nyuma ya pwani ya Kenya, wala haikuwa miji ya bandari. Ushahidi mwingine umo katika neno mwenyeji, yaani mwenye mji, nalo hutumiwa kwa mtu wa kijiji kidogo sawasawa na mtu wa Mombasa.

Neno lipinganalo na mji ni shamba, na upinzani huo umekomaa hasa Unguja. Huko husemwa kwamba fulani amekwenda shamba, na huenda asishike jembe hata mara moja. Maana yake ni kwamba ametoka mjini. Katika matumizi haya shamba halichukui kiambishi -ni. Shambani ni ndani ya shamba fulani, lenye mpaka na lenye mwenyewe. Shamba bila ya -ni ni upande mzima wa nchi, kama bara au ng'ambo. Lakini mji hudai -ni yake: mtu huenda mjini, huenda bandarini. Tofauti hii ya sarufi ni ndogo, walakini yadokeza ni nani aliyekuwa akisema. Aliyeupa upande wote ule jina moja alikuwa amesimama mjini, akaona mikarafuu na minazi na vijiji vingi kuwa kitu kimoja. Mtu wa Makunduchi na mtu wa Nungwi hawakuwa na sababu ya kujiona kuwa wakazi wa mahali pamoja, maana mmoja yuko mwisho wa kusini wa kisiwa na mwingine mwisho wa kaskazini. Lakini kwa mtu wa mjini wote wawili walikuwa watu wa shamba.

Maneno yaliyozaliwa na majina haya mawili nayo hayakupata bahati sawa. Mji ulizaa mwenyeji, neno la heshima na la haki. Shamba lilizaa mshamba, ambalo ni tusi. Mhakiki asemaye kwamba fasihi ya Kiswahili husifu shamba hana budi kukumbuka kwamba fasihi hiyo huandikwa kwa lugha ambayo, katika maneno yake ya kila siku, hulidharau. Kwa hiyo mtunzi atakaye kulisifu shamba hana budi kushindana na msamiati wake mwenyewe. Hii ndiyo kazi aliyojitwika Shaaban Robert.

III

Kisa cha Utubora Mkulima chaweza kusemwa kwa maneno machache. Mtu mwenye kazi nzuri ya mshahara katika mji wa Unguja aiacha kwa hiari yake, aenda katika kijiji cha Busutamu, na huko ashika jembe na kuishi kwa jasho lake. Kitabu kilitoka mwaka 1968, miaka 6 baada ya kufa kwa mtunzi.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni ushujaa wake, na sifa hiyo haina budi kutajwa kabla ya kasoro zo zote. Elimu ya wakati wa ukoloni ilikuwa imewafunza watu kwamba kusoma ni njia ya kulikimbia jembe. Aliyejua kuandika alitazamia kiti na meza, na mzazi aliyelipa ada alitazamia hivyo hivyo. Shaaban Robert alimtoa mtu wa kalamu kitini akamrudisha katika udongo, wala si kwa adhabu wala kwa kufilisika, bali kwa kuwa mtu huyo aliona heri. Jina la Utubora, ambalo ni utu na ubora vilivyofungwa pamoja, likakaa juu ya mkulima. Neno mkulima likawekwa katika jalada la kitabu kama cheo. Kwa lugha ambayo ilikuwa na mshamba tayari, hili halikuwa jambo dogo.

Lakini jina la kijiji ladhihirisha udhaifu. Busutamu ni jina la sifa tupu. Katika Kusadikika (1951) majina ya namna hii hufaa, kwa kuwa nchi ile haiko duniani na kila msomaji ajua kwamba haiko. Utubora atoka katika mji ambao uko, wenye forodha, maduka na mishahara, akaingia katika kijiji ambacho hakiko. Mizani imelemea upande mmoja kabla ya kupima: mji waletwa pamoja na taabu zake za kweli, na shamba laletwa pamoja na jina lake tamu.

Shamba la kweli la Unguja halikuwa kimya kwa namna ile. Tangu karne ya 19 sehemu kubwa ya ardhi njema ya kisiwa, na ya Pemba zaidi, ilipandwa mikarafuu, na karafuu haikupandwa ili iliwe kijijini. Ilichumwa, ikaanikwa, ikatiwa magunia, ikapelekwa bandarini. Bei yake haikufanywa na mchumaji wala na mwenye mti. Ilifuata soko la nchi za mbali. Tufani ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, mji na shamba viliumia pamoja, kwa kuwa kamba moja ilivifunga. Mtu aliyetoka mjini kwenda kuishi kati ya mikarafuu hakuiacha bandari. Alihama tu kutoka mwisho mmoja wa kamba kwenda mwisho wa pili. Katika Busutamu kamba hiyo haionekani.

Kasoro ya pili ni kwamba uchaguzi wa Utubora hauna gharama ya kutosha. Mtu huyu ajua kusoma, amewahi kupokea mshahara mzuri, na kama jembe lingemshinda angeweza kurudi mjini akapata meza nyingine. Jirani yake aliyezaliwa kijijini hana mlango huo wa nyuma. Kwa Utubora kulima ni fadhila. Kwa jirani kulima ni siku ya leo na chakula cha kesho. Kitabu chawasifu wote wawili kwa sifa moja, na kwa kufanya hivyo chaificha tofauti iliyo kubwa kuliko zote baina yao.

Wakati wa kutolewa kwake ulikizidishia kitabu hiki uzito ambao mtunzi hakuukusudia. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na wasomaji wa mwaka uliofuata walikisoma kana kwamba kilikuwa mahubiri ya siasa mpya ya vijiji. Shaaban Robert hakuishi kuliona azimio hilo. Tena, baina ya mwaka 1973 na 1976, watu wengi wa Tanzania bara walihamishwa wakakusanywa katika vijiji, wengine kwa kupenda na wengine kwa kulazimishwa. Hapo ndipo tofauti ya kuchagua kijiji na kuchaguliwa kijiji ilipokuwa wazi. Gamba la Nyoka cha Euphrase Kezilahabi (1979) kilikuja kuisimulia tofauti hiyo. Utubora, aliyekwenda kwa miguu yake na kwa saa aliyoitaka mwenyewe, hakuweza kuwa kielelezo cha wale waliopakiwa katika malori.

IV

Mohamed Suleiman Mohamed hakumpa Rehema njia ya Utubora. Rehema ni mtoto wa shamba tangu kuzaliwa, na baba yake, Fuad, ni mwenye ardhi. Lakini ni mtoto asiyetakiwa, kwa kuwa rangi yake haikumpendeza baba. Kwa hiyo mambo ambayo kanuni ya wanafunzi huyaweka mjini, yaani dharau, ubaguzi na ukatili wa mtu kwa damu yake mwenyewe, katika kitabu hiki yamo shamba, ndani ya nyumba, tangu kurasa za mwanzo. Kasri ya Mwinyi Fuad cha Adam Shafi (1978), kimwonyeshacho Kijakazi akizeeka katika utumishi wa bwana mwenye shamba, chatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Ukimya wa shamba waweza kuwa ni ukimya wa mtu aliyekatazwa kusema.

Rehema akimbia, na mwisho wa mbio zake ni mjini, ambako auza mwili wake. Hapa wafuasi wa kanuni huona kwamba wamepata hoja yao: mji umemharibu. Lakini msomaji makini atauliza Rehema alikuwa na nini mkononi alipofika. Hakuwa na fedha, hakuwa na kazi aliyofundishwa, hakuwa na jamaa wa kumpokea kwa haki. Mji haukumnyang'anya heshima aliyokuwa nayo shamba, maana huko shamba hakupewa. Ulimfanyia biashara ile ambayo bandari hufanya na kila kifikacho bila ya mwenyewe.

Kisha Rehema na Sulubu, mkulima maskini, warudi katika ardhi, waisafisha na kuilima kwa mikono yao. Sehemu hii ya kitabu yapita Busutamu kwa ukweli, kwa kuwa kazi yaonekana kuwa ni kazi: kuna magugu, kuna uchovu, kuna kusubiri mvua. Wanafunzi wengi husimama hapa, wakaandika kwamba Rehema alirudi shamba akapona. Kitabu hakikusimama hapo. Baada ya kufa kwa Fuad, jamaa wenye nguvu waja kuidai ardhi ile, na jasho la miaka halikutosha kuwa hoja mbele yao. Kumbe shamba nalo lina mlango na bawabu. Mtu aweza kulichagua kwa moyo wote, nalo lisiwe lake.

Katika vitabu hivi vinne, hiki ndicho kilichopima pande zote mbili kwa jiwe moja. Mji hausingiziwi na shamba halipambwi. Kama kina upungufu, ni kwamba bahati mbaya hufuatana kwa wingi mno hata msomaji huanza kumlaumu mtunzi badala ya kuwalaumu wenye ardhi. Lakini upungufu huo ni wa mpango wa kisa, wala si wa mizani yake.

V

Kuli chaingia bandarini penyewe. Neno lililochaguliwa kuwa jina la kitabu lastahili kuangaliwa, kwa sababu Kiswahili kina majina matatu ya mtu achukuaye mizigo ya wengine. Mpagazi, kutokana na kitenzi kupagaa, ni mchukuzi wa safari ya bara, apitaye nchi kwa miguu. Hamali, kutokana na Kiarabu, ni mchukuzi wa mjini, wa sokoni na wa vichochoroni. Kuli ni neno lililotoka Bara Hindi likaenea bandari nyingi za dunia kwa kupitia Kiingereza, na huyu ni mchukuzi wa gatini, wa meli na tishali. Kazi ni moja, mabega ni yale yale, lakini kadiri mzigo ulivyoikaribia bahari ndivyo jina la mchukuzi lilivyotoka mbali zaidi. Adam Shafi alilitwaa jina lenye dharau akalifanya jina la heshima, kama Shaaban Robert alivyofanya kwa mkulima. Na hapa ndipo watunzi hawa wawili, ambao hudhaniwa kuwa wako mbali sana, hukutana.

Rashidi ni mtoto wa kuli, na baba yake, Majaliwa, afia katika kazi hiyo. Mtoto airithi kazi kama wengine wanavyorithi shamba. Hili peke yake latosha kuonyesha ya kwamba kukaa bandarini si lazima kuwe ni kuchagua bandari. Kazi iliyomuua baba humpokea mwana kwa kuwa hakuna nyingine.

Lakini bandari ina kitu ambacho shamba la mikarafuu halikuwa nacho, nacho ni kuunganika. Kitabu chasimulia mgomo wa Unguja wa mwaka 1948, nao ni jambo lililotokea kweli: ulianza kwa wafanya kazi wa bandari mwezi wa Agosti, ukaenea mjini. Mgomo huo haukuwa wa kwanza katika pwani hii. Mombasa iligoma Januari 1947, na bandari ya Dar es Salaam Septemba mwaka huo huo, na kutoka Dar es Salaam mgomo ukapanda bara kwa kufuata reli. Meli iliyoleta shehena ilileta pia mabaharia, na mabaharia walileta habari za mishahara na za migomo ya kwingine. Hapana haja ya kudhani kwamba makuli wa Unguja walijizulia wazo lao peke yao. Waliishi mahali ambapo mawazo hupakuliwa pamoja na magunia.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote kwa upande wa bandari, na kanuni ya wanafunzi haina nafasi ya kuitia. Katika Busutamu mtu mwema aweza kuwa mwema zaidi. Katika gati la Kuli watu wenye dhiki moja waweza kukutana wakaitambua kuwa ni moja. Uadilifu wa kwanza ni wa mtu peke yake, na wa pili ni wa kundi. Mhakiki aupendaye utu hawezi kuuacha wa pili kwa kuwa umevaa nguo chafu.

Kwa upande mwingine, Kuli kina kasoro iliyo kinyume cha ile ya Utubora Mkulima. Mazungumzo ya wahusika mara nyingi hugeuka hotuba, na wema na uovu umegawanywa kwa mstari ulionyoka mno. Tena, wengi wa wafanya kazi wa bandari ya Unguja wakati ule walikuwa watu wenye asili ya bara au walitoka shamba, na kila mmoja aliacha mahali fulani ili aje gatini. Kitabu hakikai sana juu ya kile walichokiacha. Shaaban Robert hakuiona kamba inayotoka kijijini kwenda bandarini. Adam Shafi, katika kitabu hiki, aliushika mwisho wake wa baharini tu.

VI

Miaka 20 baadaye Adam Shafi huyo huyo alikitoa Vuta N'kuvute, ambacho mwaka 2021 kilifanywa filamu. Hapa mji si mmoja tena. Yasmin, msichana wa jamii ya Kihindi aliyeozwa mzee aitwaye Raza, amtoroka mumewe na kukataliwa na jamaa zake, akapata makao kwa Mwajuma, Ng'ambo.

Neno hili lastahili kusimamiwa kidogo. Ng'ambo kwa kawaida ni upande wa pili wa maji, na mara nyingi ni nchi za mbali zilizo baada ya bahari. Katika mji wa Unguja neno hilo hilo lilikuwa jina la mitaa ya nyuma ya Mji Mkongwe, iliyotengwa nao kwa mkono wa bahari ambao ulikuja kujazwa udongo, na daraja lake limebaki katika jina la Darajani. Kwa hiyo mwenye nyumba ya mawe alikuwa na ng'ambo mbili, moja mbele na moja nyuma. Kwa ile ya mbele aliunganika kwa meli na barua. Ile ya nyuma, iliyokuwa mwendo wa dakika chache kwa miguu, ilikuwa mbali naye zaidi. Yasmin avuka kwenda ng'ambo ya nyuma, na safari hiyo fupi yamgharimu ukoo mzima.

Hapa ndipo sifa kubwa ya kitabu ilipo. Bandari hufungua na hufunga kwa wakati mmoja. Humwezesha Yasmin kufika Mombasa na Tanga, na humwezesha Denge kuingiza mawazo ambayo serikali ya kikoloni haikuyataka. Lakini bahari ile ile ina askari wake, na mji ule ule una macho ya jamaa katika kila dirisha. Mtunzi hamwambii msomaji kwamba mji ni mwema au ni mwovu. Amwonyesha msichana akihesabu nauli yake.

VII

Limebaki jambo la lugha, nalo ndilo liwahusulo zaidi wasomaji wa jarida la namna hii. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kuusimamia usanifishaji huo. Ubishi mkubwa ulikuwa baina ya Kiunguja na Kimvita, chenye hazina ya mashairi ya Muyaka bin Haji na wenziwe. Mara nyingi ubishi huo husimuliwa kana kwamba ulikuwa wa kaskazini na kusini. Wachache hukumbuka kwamba washindani wote wawili walikuwa watu wa bandari. Vijiji havikuwa na mshindani. Kimakunduchi, Kitumbatu, Kipemba cha vijijini na Kimtang'ata havikuingia katika mizani.

Uchaguzi ule haukuwa wa kijinga. Usemi wa mji wa Unguja ulikuwa umekwisha kufuata misafara ya karne ya 19 hadi Tabora, Ujiji na Kongo, na lugha ya kuwakutanisha watu wengi hutafutwa mahali ambapo watu wengi wamekwisha kukutana. Pasipo uchaguzi ule, kitabu kichapishwacho Nairobi kisingesomwa Dar es Salaam na Bujumbura kwa wepesi kinavyosomwa. Walakini ulikuwa ni uchaguzi wa bandari dhidi ya shamba, na wote walioandika baadaye waliurithi.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, kusini ya Tanga, katika pwani ya Mtang'ata, ambayo lahaja yake ilielezwa na W. H. Whiteley mwaka 1956. Alizaliwa kijijini, akatumikia Idara ya Forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, kazi ambayo riziki yake ni bandari, na kaburi lake liko Machui. Mtu huyu aliyemtoa Utubora mjini akampeleka shamba, kwa upande wa lugha alikwenda njia ya kinyume: aliiacha lahaja ya kijiji chake akaandika kwa Kiswahili sanifu chenye msingi wa mji wa Unguja, na kwa lugha hiyo akawa mwandishi wa Afrika Mashariki nzima. Matokeo yake yaonekana Busutamu. Wanakijiji wake husema maneno ya fahari sawa na watu wa mjini. Hakuna hata mmoja ambaye ulimi wake wamwambia msomaji kwamba hapa ni shamba. Kijiji kimepewa kila heshima isipokuwa sauti yake.

Jambo hili halisemwi ili kumlaumu. Alifanya kazi ambayo wakati wake uliitaka, na hapana aliyeifanya vizuri kuliko yeye. Lakini mhakiki asemaye kwamba Shaaban Robert alichagua kijiji amesema nusu. Alichagua kijiji kwa ajili ya mhusika wake, na bandari kwa ajili ya kalamu yake, na chaguo la pili ndilo lililolifikisha la kwanza kwa wasomaji.

VIII

Ikiwa hayo ni kweli, basi kanuni ya kwamba shamba ni utu na mji ni upotovu haina budi kuachwa, si kwa sababu kinyume chake ni kweli, bali kwa sababu yafunga maswali ambayo vitabu vyenyewe vimeyafungua. Utubora Mkulima chauliza kama mtu aliyesoma aweza kulirudia jembe bila ya kulionea haya. Nyota ya Rehema chauliza ardhi ni ya nani. Kuli chauliza wenye dhiki moja wakutane wapi. Vuta N'kuvute chauliza nauli ya uhuru ni kiasi gani, na ni nani wa kuilipa. Hakuna hata moja katika hayo liwezalo kujibiwa kwa kutaja jina la mahali.

Wala si jambo la wasomi peke yao. Afikiriwe msichana wa Makunduchi akaaye darasani. Katika somo la lugha, neno alilopewa na nyanya yake hupigwa mstari mwekundu kwa kuwa si sanifu. Katika somo la fasihi, saa moja baadaye, hufundishwa kwamba kijijini kwao ndiko kwenye utu na asikutoke. Asubuhi moja aambiwa kwamba ulimi wa kwao ni kosa na maisha ya kwao ni mfano mwema. Mtoto mwenye akili hataziamini kauli mbili hizo pamoja; ataishika ile iletayo alama za mtihani, na siku moja atapanda gari. Wakimlaumu kwa kwenda mjini, watakuwa wamesahau kwamba shule ilikwisha kumhamisha kabla hajafunga mzigo.

Mwalimu wake hawezi kuiondoa mitihani, lakini aweza kumwacha aandike insha ambayo mhusika apima pande zote mbili kwa haki, na amruhusu mhusika huyo kusema kwa usemi wa kwao anapokuwa kwao. Wanalugha nao waweza kuzitoa lahaja za vijijini katika makabati ya utafiti wakawapa watunzi. Rehema na Sulubu walinyang'anywa ardhi waliyoilima kwa kuwa wengine walisema si yao. Usemi wa Makunduchi bado unao wenyewe, nao hawajahama wote.